Mchochezi na Mtetezi

Hotuba kwa watangazaji vijana wa redio za jamii, Arusha

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, na ninyi watangazaji mliosafiri kutoka Kilosa, Loliondo, Kigoma, Pemba na kwingineko: wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie neno moja tu, nalo ni uchochezi. Neno hili humpeleka mtu rumande, hufunga gazeti, huvunja mkutano wa kijiji, na bado wengi wetu tunalisoma kwenye taarifa ya habari bila kusita. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na nimehariri habari kwa miaka mingi. Ninalo jambo la kuwaomba leo, lakini kabla sijafika huko inabidi tulifumue neno lenyewe.

Neno limetoka jikoni. Anayepika kwa kuni anajua kwamba kuni huungua kuanzia nchani, na kadiri zinavyoungua ndivyo moto unavyorudi nyuma, mpaka chungu kinaacha kuchemka. Hapo mpishi huinama, akazisukuma kuni ndani baina ya mafiga, akakung'uta majivu, akapuliza kidogo. Amechochea. Enzi za taa za utambi ilikuwa vivyo hivyo: mwanga ukififia mtu aliambiwa achochee taa, naye akaupandisha utambi watu wakaendelea kusoma. Kwa hiyo kitendo chenyewe hakina ubaya. Mpaka leo tunasema barabara imechochea biashara, mvua zimechochea mazao, na wanakemia wana kichocheo chao kinachoharakisha mambo.

Lakini angalieni jambo moja kwenye picha ile ya jikoni. Anayechochea hakuwasha. Kukoka moto ni kazi nyingine na ina jina lake. Mwenye kuchochea ameukuta moto upo, ameona umepungua au unaweza kuzidi, akausukumia kuni. Kwa hiyo kila tunapoambiwa kwamba mahali fulani pana uchochezi, swali la kwanza la mwandishi linapaswa kuwa: je, moto wenyewe aliuwasha nani, na lini? Mara nyingi utakuta mgogoro wa mpaka wa kijiji uliokaa bila kutatuliwa tangu wazee waliopo walipokuwa vijana, au kisima kilichoahidiwa kila uchaguzi, au fidia ambayo haijalipwa. Aliyesimama mkutanoni wiki iliyopita hakuyaleta hayo.

Hapa nina uchungu kidogo, mnisamehe. Wanakijiji wanakataa kuhama, tunasoma kwamba "wamechochewa". Wanafunzi wanagoma kula maharage yenye wadudu, wamechochewa. Wafanyakazi wanadai mishahara, wamechochewa. Sentensi hiyo inawavua watu wazima macho na akili zao. Inadai kwamba mama aliyepoteza shamba hakujua amelipoteza mpaka mtu alipokuja kumnong'oneza. Anajua. Amejua tangu siku alipokuta vigingi vimepigwa katikati ya mihogo yake. Tukiandika kwamba amechochewa na tukaishia hapo, tumeandika habari ya mtu mmoja asiye na jina, na tumeacha kuandika habari ya shamba.

Sasa tazameni umbo la neno. Tetea hutupa mtetezi. Chochea hutupa mchochezi. Vitenzi viwili vyenye mwisho mmoja, na nomino mbili zilizojengwa kwa njia moja. Lugha ingeweza kubaki na mchocheaji, na kweli inaye: mchocheaji wa uchumi, mchocheaji wa maendeleo, huyo hana kesi. Ila tukisema mchochezi, hakuna anayewaza uchumi. Mtetezi tumempa sifa na mchochezi tumempa pingu, na ukipekua magazeti ya Afrika Mashariki ya miaka mia moja iliyopita utakuta mara nyingi ni mtu yuleyule, hotuba ileile, tofauti ni nani aliyekuwa ameshika kalamu.

Machi 1922, Nairobi, Harry Thuku, kijana aliyekuwa akifanya kazi ya kuunganisha simu serikalini, alikamatwa kwa sababu alikuwa akizunguka kuwahutubia watu dhidi ya kipande, kile kitambulisho Mwafrika alicholazimishwa kutembea nacho, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi, risasi zikafyatuliwa, watu wakafa. Yeye akapelekwa uhamishoni Kismayu bila kufikishwa mbele ya hakimu. Kwa serikali ya kikoloni alikuwa mvurugaji wa amani. Leo Nairobi ina barabara yenye jina lake.

Mwaka 1958, Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere alisimamishwa kizimbani kwa maandishi yaliyotoka katika Sauti ya TANU kuhusu maofisa wa wilaya. Kosa liliitwa kashfa, si uchochezi, lakini ni watoto wa mama mmoja. Aliamriwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au aende jela miezi sita, na faini ikalipwa. Desemba 1961 alikuwa Waziri Mkuu wa nchi huru. Kule Zanzibar, Abdulrahman Babu alifungwa mwaka 1962, na kwake kosa liliitwa uchochezi waziwazi. Januari 1964 alikuwa waziri wa mambo ya nje.

Siwataji hawa ili tuseme kila anayefungwa ni shujaa. La hasha. Nawataja kwa sababu sheria iliyokuwa ikitumika wakati ule, sheria ya Waingereza, ilikuwa na maneno mapana mno. Ilimkamata mtu mwenye kusudio la kuwafanya watu waichukie serikali, waidharau, au wasiridhike nayo. Wasiridhike! Nani kati yetu humu ndani anaridhika na kila kitu? Na maneno hayo hatukuyatupa baharini pamoja na bendera ya Waingereza. Tuliyarithi tukayatumia. Kenya ya miaka ya 1980 iliwafunga watu kwa kukutwa na karatasi za uchochezi, na kifungu hicho hakikufutwa mpaka 1997. Uganda walikuwa nacho mpaka Mahakama ya Katiba ilipokibatilisha Agosti 2010. Sisi Tanzania tulikuwa na Sheria ya Magazeti ya 1976, kisha tukatunga Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, na uchochezi ukaingia humo tena.

Sasa niwaombe mtazame mji huu tuliomo. Arusha ni mji ambao neno hili limepimwa mara mbili na majaji, na vipimo viwili vile vinatufaa sana.

Kipimo kimoja ni cha Mahakama ya Afrika Mashariki. Tarehe 28 Machi 2019, katika shauri lililofunguliwa na Baraza la Habari Tanzania na wenzake, mahakama ilisema vifungu kadhaa vya sheria ile ya 2016, vikiwemo vya uchochezi, vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya. Sababu ninavyoielewa mimi ni nyepesi kuisema: raia akisoma kifungu, ni lazima aweze kujua wapi pa kusimama ili asivunje sheria. Neno likiwa pana kiasi kwamba anayelalamika na anayehimiza watu wachinjane wote wanaingia humo, raia hawezi kujua. Atanyamaza kabisa, nao moto utaendelea chini kwa chini.

Kipimo cha pili ni kizito zaidi, na hapa naomba tukae.

Novemba 1994, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda mahakama ya kuhukumu mauaji ya kimbari ya Rwanda, na mahakama ile ikawekwa hapa, katika jengo la kituo cha mikutano ya kimataifa, AICC, mnalolipita kila siku mkienda sokoni. Tarehe 2 Septemba 1998 ilitoa hukumu ya kwanza kabisa duniani iliyotolewa na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Mshtakiwa alikuwa Jean-Paul Akayesu, aliyewahi kuwa mwalimu, na wakati huo kiongozi wa wilaya ndogo ya Taba. Kati ya makosa aliyotiwa hatiani nayo, mojawapo ni uchochezi wa moja kwa moja na wa hadharani.

Majaji waliona kwamba mpaka tarehe 18 Aprili 1994 mtu huyu alikuwa akijaribu kuzuia mauaji katika eneo lake. Nchi ilikuwa imeshawaka tangu tarehe 6, jirani zake walikuwa wakiuawa, naye Taba alikuwa akizuia. Tarehe 18 aliitwa kwenye mkutano wa viongozi wa serikali ya muda. Kesho yake asubuhi, mahali panapoitwa Gishyeshye, watu zaidi ya 100 walikuwa wamekusanyika kuizunguka maiti ya kijana wa Interahamwe, wanamgambo waliokuwa wakiua. Akawahutubia. Akawataka waungane kumwangamiza yule aliyemwita adui wa pekee, mshirika wa Inkotanyi. Baada ya hapo mauaji yakaenea Taba.

Wakili wake angeweza kusema, na ndivyo wanavyosema wote wa namna hii: hakutaja kabila. Inkotanyi ni jina la waasi waliokuwa wakipigana na serikali, na kabla ya hapo lilikuwa jina la kikosi cha mfalme wa kale. Basi mahakama ikamsikiliza mtaalamu wa isimu. Majaji wakakaa wakachambua maneno ya Kinyarwanda, Inkotanyi na Inyenzi, mende, lini yalianza, nani aliyatumia, yalibadilika vipi. Wakafikia kwamba ili kujua kama maneno ni ya moja kwa moja, unaangalia watu waliokuwa pale, kwa utamaduni wao na lugha yao, kama walielewa papo hapo wanachoambiwa wakifanye. Na waliokuwa Gishyeshye walielewa kwamba adui ni Mtutsi. Vivyo hivyo kitenzi gukora, kufanya kazi. Mwezi ule, kwa waliosikia, "nendeni mkafanye kazi" haikuwa habari ya jembe.

Miaka mitano baadaye, Desemba 2003, ikaja hukumu ya waandishi na wenye redio: watu wa RTLM na wa gazeti la Kangura. RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993, kwa muziki mzuri na mizaha, na vijana waliipenda. Nyote humu mnajua kutengeneza kipindi ambacho vijana wanakipenda, ndiyo maana nalitaja. Wakati wa mauaji redio ile ilikuwa ikitaja watu kwa majina na mahali walipo. Mahakama iliwatia hatiani. Lakini nendeni mpaka rufaa, Novemba 2007, kwa maana ndipo palipo na somo ambalo wengi hawalijui: majaji wa rufaa walitenganisha chuki na uchochezi. Walisema matangazo ya kabla ya tarehe 6 Aprili 1994 yalikuwa ya chuki, lakini haikuthibitishwa kwamba yaliwaita watu moja kwa moja kwenda kuua. Ya baada ya tarehe hiyo, ndiyo. Adhabu zikapunguzwa. Kuna walioumizwa na uamuzi ule, na mimi siwezi kuwalaumu, kwani moto ule ulilishwa kuni kwa miezi mingi. Hata hivyo nauheshimu, kwa kuwa majaji waliokuwa na mbele yao uovu mkubwa kuliko wote bado walikataa kulitanua neno.

Hebu linganisheni. Mahakama iliyoona maiti kwa mamia ya maelfu ilidai uthibitisho wa nani alisema nini, wapi, lini, na waliosikia walielewa nini. Sisi tunaandika "uchochezi" kwa mtu aliyeuliza mapato ya kijiji yamekwenda wapi.

Lugha yetu imetupa maneno mengi ya kuwatenga watu wa vurugu, na nasikitika yanaachwa. Mchokozi yumo ndani ya ugomvi mwenyewe, anakuchokoa ujibu. Mfitini hufanya kazi kwa kunong'ona: kwako anasema hili, kwa jirani anasema lile, na siku mnapokabana koo yeye yuko msibani anafunua masufuria kama mtu mwema. Anayewachonganisha ndugu ni wa ukoo huohuo wa mfitini, ndiyo maana wazee wakasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mchongeaji huchukua habari zako akazipeleka kwa mkubwa upate adhabu. Mzushi anatunga. Mpika majungu tunamjua maofisini. Hawa wote wanaweza kukuharibia maisha bila kuwa wachochezi. Mchochezi anahitaji watu wengi, anahitaji hadhara, anahitaji jambo ambalo tayari linawauma, na anawaelekeza kwenye tendo dhidi ya watu. Akikosa hilo la mwisho, mtafutieni jina lake sahihi. Majina yapo.

Na msidhani mchochezi atawaletea neno lenye pembe. Jirani zetu Kenya wana neno madoadoa. Doa ni kitu cha kawaida kabisa, liko kwenye shati, liko kwenye ngozi ya chui. Lakini katika Bonde la Ufa, tangu machafuko ya miaka ya 1990, madoadoa walikuwa watu wa makabila mengine waliohesabiwa kuwa wageni, wa kuondolewa ili eneo liwe la rangi moja. Januari 2022 mwanasiasa mmoja alilitamka kwenye mkutano wa hadhara Eldoret, akakamatwa. Aliyekaa mbali angeshangaa kosa liko wapi. Watu wa Eldoret hawakushangaa, maana wanakumbuka kanisa la Kiambaa lililochomwa moto tarehe 1 Januari 2008 na watu wakiwa ndani. Mtangazaji asiyejua historia ya neno mahali alipo, hata kama Kiswahili chake ni cha kuchapishwa, hawezi kujua anachokirusha hewani.

Tuje basi kwenye studio zenu. Tuseme ni asubuhi, kipindi cha kupiga simu, na mada ni wakulima na wafugaji. Wenzetu wa Kilosa hawahitaji kuelezwa mada hiyo ina uzito gani. Desemba 2000, pale Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa.

Simu ya kwanza inaingia. Mtu anasema: "Jana usiku ng'ombe wameingia shambani kwangu, heka mbili za mahindi zimekwisha, nimekwenda kwa mtendaji mara tatu, hanisikilizi." Sauti yake inatetemeka kwa hasira. Mwache aseme. Mpe muda wote. Huyo analalamika, na kazi ya redio ya jamii ni kumtafuta mtendaji mchana huohuo umuulize.

Simu ya pili: "Hawa wafugaji wote ni wezi, ndivyo walivyozaliwa." Hapo mkatishe kwa heshima. Mwulize, ndugu yangu, nani amekuibia, lini, ng'ombe wa nani? Ukimrudisha kwenye tukio, mara nyingi anarudi, na lile la "wote" linaanguka lenyewe. Asiporudi, simu iishe, na uwaambie wasikilizaji kwa nini umeikata. Alichosema ni chuki. Bado hajamwita mtu kufanya jambo.

Simu ya tatu, sauti imetulia kabisa, hata haina hasira: "Tumekwisha kuvumilia. Kesho alfajiri kila mwenye mkono aje kisimani, aje na kifaa chake cha kazi." Shusha sauti ya simu hapohapo. Huo ndio uchochezi, ingawa hakuna tusi hata moja ndani yake, na ingawa wa kwanza ndiye aliyepiga kelele. Nimeona watangazaji wakimkata yule wa kwanza kwa sababu ana jazba, na kumshukuru wa tatu kwa sababu ana adabu. Msikilizeni mtu anawaelekeza watu wapi, msibabaishwe na ukali wa sauti yake.

Na mkishamkata, kazi haijaisha. Pigeni simu kwa wazee wa pande zote mbili wazungumze hewani siku ileile. Ufa huzibwa mapema. Msikubali kisingizio cha funika kombe mwanaharamu apite, kwamba mkiacha kuigusa mada moto utazimika wenyewe. Mada isipozungumzwa redioni itazungumzwa kisimani.

Ombi langu ni hili, na ni dogo. Mkirudi vituoni, msisome tena sentensi inayosema "mkazi mmoja anashikiliwa kwa uchochezi" ikakomea hapo. Ulizeni maswali manne: alisema nini, kwa maneno yake mwenyewe? Alisemea wapi? Mbele ya nani? Na waliomsikia walifanya nini, au walitakiwa wafanye nini? Majibu yakipatikana, yaandikeni, halafu neno uchochezi liwe la polisi, kwenye mdomo wa polisi: "polisi wanadai kwamba". Yasipopatikana, semeni hewani kwamba polisi hawakueleza mtu huyo alisema nini. Sentensi hiyo moja ina faida kubwa, kwa sababu inamlazimu kamanda ajiandae kwa swali mara nyingine. Na siku akija mchochezi wa kweli, mtakuwa na maneno yake kama alivyoyatamka, tarehe, mahali, na watu waliokuwepo. Mashahidi wa Taba walikumbuka tarehe, walikumbuka maiti ilikuwa wapi, walikumbuka neno gani lilitamkwa, na ndiyo maana kesi ilisimama.

Nimechapisha zile kurasa za hukumu ya Akayesu zinazohusu mkutano wa Gishyeshye na uchambuzi wa maneno, nikazitafsiri kwa Kiswahili kadiri nilivyoweza. Ziko kwenye meza ya mlangoni, nakala moja kwa kila kituo. Maswali sasa, na ningependa tuanze na wenzetu wa Kilosa, halafu Loliondo.